Kazi ya Wauguzi Katika Karagwe na Kyerwa

Maneno yasemwayo juu ya wauguzi barazani, sokoni na njiani watu watokapo kanisani ni mengi, na mengi yake si mazuri. Husemwa kwamba ni wakali, kwamba huchelewa kufungua mlango wa zahanati, kwamba huwafokea akina mama wenye uchungu. Hatusemi kuwa maneno haya ni uongo mtupu, maana wako waliofokewa kweli, na aliyefokewa katika saa ya uchungu hasahau. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: mwuguzi atakiwa kufanya nini, amepewa nini cha kufanyia, na atumia njia gani ili kazi isimshinde. Ndiyo tutakayoieleza hapa, kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni watu wenye sauti vijijini mwao, wenyeviti, watendaji, walimu na wajumbe wa kamati za zahanati, nao wakiijua nusu moja tu watakuwa kama kadhi aliyesikiliza upande mmoja.

Tuanze na nchi yenyewe. Karagwe ilikuwa wilaya moja hata mwaka 2012, ndipo ikagawanywa na upande wa kaskazini ukawa Wilaya ya Kyerwa. Katika sensa ya mwaka huo huo Karagwe ilihesabiwa watu 332,020 na Kyerwa watu 321,026, na tangu hapo wamezidi. Ni nchi ya vilima na mabonde, ambamo vijiji vimejificha ndani ya migomba na mibuni, na upande mmoja Mto Kagera ndio mpaka wetu na jirani. Barabara itokayo Kyaka hadi Bugene ina lami nzuri, lakini wagonjwa wengi hawakai kando ya barabara kuu. Wakaa huko ndani, ambako njia ya pikipiki wakati wa masika hugeuka kuwa mfereji. Karagwe wanaijua hospitali ya Nyakahanga, ya Kanisa la Kilutheri, iliyotumika kwa miaka mingi kama hospitali teule ya wilaya. Kyerwa wanaijua Isingiro, ya Kanisa Katoliki. Ugonjwa ukizidi hapo, safari ni ya Bukoba, na ukizidi zaidi ni ya Bugando, ng'ambo ya Ziwa huko Mwanza. Lakini mtu wa kijijini hafiki huko kwanza. Afika zahanati, na katika zahanati mtu wa kwanza kumwona, na mara nyingi wa mwisho, ni mwuguzi.

Hapa tuseme neno moja kando. Watu wa kijijini humwita kila aliyevaa nguo nyeupe "daktari", hasa akiwa mwanamume. Mwuguzi mwanamke huitwa "nesi" au "sista", na mwenzake mwanamume aliyesoma darasa lile lile huitwa "dokta". Jambo hili huonekana dogo, lakini lina matokeo yake: anayeitwa daktari hutarajiwa kujua na kuweza yote ya daktari, hata kama hajafundishwa wala hajaruhusiwa kuyafanya, na asipoyafanya huhesabiwa kuwa amekataa.

Sasa tutazame hesabu ya watu. Mwongozo wa Serikali uliotolewa mwaka 2014 ulisema kwamba zahanati moja yapasa kuwa na watumishi wasiopungua 15. Msomaji na aihesabu zahanati ya kijiji chake mwenyewe, kisha aiweke hesabu hiyo kando ya hii. Mahali pengi vijijini zahanati huendeshwa na watu wawili, watatu au wanne, na mmoja wao akienda likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria ni siku 84, wanaobaki huibeba kazi yake pia. Sababu za upungufu huu si moja. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango mkubwa wa kutaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na wananchi wakajitokeza kwa mawe, matofali na nguvu zao. Lakini ukuta hujengwa kwa msimu mmoja, na mwuguzi wa cheti husoma miaka miwili, wa stashahada mitatu. Majengo yakawatangulia watu. Kisha mwaka 2016 ajira za Serikali zilisimamishwa kwa muda ili watumishi hewa watafutwe, na mwezi wa Aprili 2017 yakatangazwa majina ya watumishi 9,932 wa umma waliokutwa na vyeti visivyo vya kweli, miongoni mwao watu wa afya. Hatuwatetei waliodanganya. Twasema tu kwamba siku ile walipoondoka, watoto wa kupimwa uzito hawakupungua, wala wajawazito, na waliobaki ndio waliogawana kazi. Miaka iliyofuata ajira zilifunguliwa tena na wengi wakaajiriwa, ila pengo la namna hii halizibwi kwa mwaka mmoja.

Tuieleze siku moja ya kazi, maana wengi huiona zahanati kwa nusu saa tu na kudhani wameiona yote. Tuseme ni siku ya kliniki. Kabla ya saa mbili asubuhi benchi limejaa. Mwuguzi afagia au asimamia ufagiaji, ateka maji kama tangi limekauka, atazama kipimajoto cha jokofu la chanjo na kuandika namba yake. Awafundisha akina mama, na mara nyingi mafundisho hayo huimbwa, kwa kuwa neno lililoimbwa hukaa kichwani kuliko lililosomwa. Kisha huanza kupima: uzito wa watoto, shinikizo la damu la wajawazito, damu ya malaria, damu ya virusi vya UKIMWI. Achoma chanjo, afunga vidonda, atoa dawa za uzazi wa mpango, amsikiliza mzee ambaye kikohozi chake hakikomi. Katikati ya hayo aja kijana aliyeanguka na pikipiki, na kila kitu husimama.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko wasomaji wanavyodhani ni kazi ya kalamu. Kila atakayehudumiwa lazima aandikwe katika vitabu vya MTUHA, ambavyo kila huduma ina chake: kitabu cha 6 ni cha wajawazito, cha 7 ni cha watoto, cha 12 ni cha waliojifungua, na vingine. Jina la mama mmoja laweza kuandikwa kwenye kadi yake, kisha kitabuni, kisha likahesabiwa kwenye karatasi ya jumla, kisha jumla ikaingia katika taarifa ya mwezi ipelekwayo wilayani. Hatusemi kwamba vitabu hivi ni vya bure; bila hivyo dawa haziagizwi ipasavyo, wala maradhi mapya hayajulikani mapema. Twasema kwamba vinataka mtu wake, na mtu huyo hayupo. Tena tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kila kituo badala ya kukaa wilayani. Ni jambo jema sana, kwa kuwa zahanati yaweza kununua kilichopungua bila kungoja. Ila zahanati haina karani wa fedha. Basi mtu yule yule aliyezalisha usiku hukaa mchana na risiti, hati za malipo na leja, kazi ambayo sisi tuliozoea makaratasi twajua jinsi inavyouma macho hata mtu akiwa amelala vizuri.

Na usiku je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, kwamba saa za ziada zisipite 50 katika majuma manne, na kwamba mtu apate saa 12 za kupumzika kati ya siku na siku. Ni sheria nzuri. Lakini sheria iliandikwa kwa kudhani kwamba mtu akitoka kazini kuna mwingine anayeingia. Katika zahanati ya watu wawili mwuguzi atoka kazini saa tisa na nusu alasiri, ala, anaanza kufua nguo za watoto, na saa nne ya usiku dirisha lagongwa. Mama amefika, kitanda cha pikipiki kimemtikisa, uchungu umeshika. Je, atajibu kwamba saa zake 45 zimekwisha? Hajibu hivyo. Huchukua taa na kutoka. Mtoto akizaliwa alfajiri, benchi la asubuhi laanza kujaa kabla hajaoga. Posho ya kuitwa kazini nje ya saa ipo kwa kanuni, lakini kanuni ni kitu kimoja na fedha kufika kwa wakati ni kitu kingine, na hilo ni moja ya malalamiko tunayoyasikia mara kwa mara kutoka kwao.

Hata hivyo twaona kwamba wingi wa kazi si ndio mzigo mzito kuliko yote. Mkulima pia hufanya kazi nyingi wakati wa kuchuma kahawa, wala hanung'uniki kwa namna ile. Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alichunguza habari za wafanyakazi wa Marekani na Uswidi, akaonyesha kwamba kazi inayomdhoofisha mtu mno ni ile inayodai mengi huku yeye mwenyewe hana uwezo wa kuamua namna ya kuifanya. Mtu mwenye kazi nyingi na madaraka yake huchoka, akalala, akaamka. Mwenye kazi nyingi pasipo madaraka huchoka rohoni, na usingizi hautoi uchovu wa namna hiyo.

Mwuguzi wa kijijini ndiye mfano wa maneno hayo. Sera yasema kwamba mjamzito hutibiwa bila malipo. Mama amelisikia neno hilo redioni, na ni haki yake. Afika, na glavu hakuna, au zimebaki chache zilizowekwa kwa ajili ya dharura. Aliyeagiza glavu amezingoja; aliyepaswa kuzileta Bohari yuko mbali; aliyetangaza kwamba ni bure yuko mbali zaidi. Aliye karibu ni mmoja tu, naye ndiye atakayemwambia mama anunue glavu dukani. Mama na mume wake wamtazama usoni na kuamini kwamba huyu ameziuza. Mara nyingine huwa hivyo kweli, hatufichi, na aliyefanya hivyo astahili adhabu. Lakini mara nyingi zaidi mikono yake ni mitupu kama yao. Vivyo hivyo kwa damu, kwa gari, kwa dawa ya kuzuia damu baada ya kuzaa ambayo hutakiwa kukaa mahali pa baridi wakati umeme umekatika. Akiomboleza mtu kwa ajili ya mzazi aliyekufa njiani, jina litajwalo kilioni ni la yule aliyekuwa zamu.

Tena kuna hatari ya mwili. Wazee wa Kagera hawahitaji kufundishwa habari hii, kwa maana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walijulikana katika mkoa huu mwaka 1983, wakati watu walipouita "Juliana" kwa jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2004. Hesabu miaka iliyo kati: ni zaidi ya 20, na katika miaka hiyo wauguzi waliwaosha, waliwalisha na kuwafunga sanda watu ambao hawakuwa na cha kuwapa ila maji na maneno. Katikati yake, mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mto, na kambi zikapigwa Karagwe pia. Leo mwuguzi aliyejichoma sindano aweza kupewa dawa ya kinga, lakini lazima aianze kabla saa 72 hazijapita, na aliye peke yake usiku hana wa kumwachia chumba ili aifuate.

Kisha mwezi wa Machi 2023 ikaja Marburg katika Wilaya ya Bukoba, upande wa Maruku na Kanyangereko. Ni homa ya kutoka damu iliyojulikana mara ya kwanza huko Ujerumani mwaka 1967, na huambukiza kwa kugusa maji ya mwili wa mgonjwa, ndiyo kusema kwa kuuguza. Waliougua walihesabiwa 9, wakafa 6, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Ilitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka ule ule. Mwezi wa Januari 2025 ikazuka tena, safari hii Biharamulo, nayo ikaisha Machi. Karagwe na Kyerwa hazikuwa mahali pa mlipuko, lakini fikirini hali ya mwuguzi wa huku katika miezi ile, kila mgonjwa mwenye homa na kutapika alipoingia mlangoni, na watoto wake wanamngoja nyumbani wamkumbatie.

Neno la lugha halina budi kutajwa pia, ingawa huonekana dogo. Wauguzi wengi hupangwa kazi mbali na kwao. Binti wa Mbeya au Kilimanjaro afika kijiji cha Kyerwa ambako bibi mwenye maumivu hukieleza kidonda chake kwa Kinyambo, naye haelewi. Amwita mjukuu atafsiri, na mjukuu ni mvulana, na maumivu ya bibi ni ya mahali asipoweza kumtajia mvulana. Basi bibi asema kichwa chauma, apewa dawa ya kichwa, arudi nyumbani. Mwuguzi ajua kwamba ameambiwa neno lisilo lenyewe, na hana la kufanya.

Sasa tufike kwenye jambo tulilolikusudia hasa, yaani njia wanazotumia ili wasishindwe. Maana mtu akiwekewa mzigo usiobebeka hatupi mara moja. Kwanza hubadili namna ya kuushika.

Njia ya kwanza ni kukata kazi ipi ifanywe sasa na ipi ingoje, na kitu kinachongoja karibu kila mara ni karatasi. Iko karatasi moja iitwayo patografu, ambayo mwenendo wa uchungu wa mama huchorwa juu yake saa kwa saa: mlango wa kizazi umefunguka kiasi gani, moyo wa mtoto wapiga mara ngapi. Mstari ukivuka mahali fulani, ni alama kwamba mama yafaa apelekwe hospitali upesi. Mwuguzi mmoja mwenye wazazi wawili na mtoto mgonjwa hapati mkono wa kuchora. Hufanya kwa kumbukumbu, kisha huijaza karatasi mtoto akiisha kuzaliwa. Karatasi hupendeza, na msimamizi akija huiona imekamilika. Lakini chombo kilichofanywa ili kimwonye kimegeuka kuwa habari za jana. Hapa hatumlaumu upesi, wala hatusemi kwamba hakuna ubaya; mama aliyechelewa kupelekwa haponi kwa karatasi iliyojazwa vizuri.

Njia ya pili ni kumwachia mwingine. Mhudumu wa afya, aliyeajiriwa kwa kazi za kusaidia, hufunga vidonda, hutoa dawa, na mara nyingine hupokea mtoto. Wengine wao wana mikono mizuri kweli, na vijiji vingi vingekuwa vimefunga zahanati zao lau si wao. Ila siku mambo yakiharibika, hakuna sheria ya kumlinda yeye wala aliyemwachia.

Njia ya tatu ndiyo inayoleta maneno ya barazani tuliyoanza nayo. Mtu asiyeweza kupunguza kazi hupunguza moyo. Huacha kumwita mgonjwa kwa jina, humwita "yule wa kitanda cha pili" au "yule wa kifafa". Hujibu kwa neno moja. Hupandisha sauti ili benchi linyamaze, na sauti iliyopandishwa kila siku husahau kushuka. Msidhani kwamba hii ni tabia ya wauguzi wa kwetu tu. Mwaka 1960 Isabel Menzies, mtaalamu wa mambo ya nafsi huko London, alichapisha habari za uchunguzi wake katika hospitali kubwa ya mji ule yenye kufundisha wauguzi. Aliona kwamba kazi ilikuwa imekatwa vipande vipande ili mwuguzi asikae muda na mgonjwa mmoja, na kwamba wagonjwa walitajwa kwa namba za vitanda au kwa kiungo kinachouma. Akaeleza kwamba desturi hizo zilikuwa kama ngao dhidi ya hofu na huzuni, maana anayemjua mgonjwa kwa jina humlilia akifa. Lakini ngao ile haikuwafaa sana: kama theluthi moja ya wanafunzi waliiacha kazi kabla ya kumaliza mafunzo, na walioondoka mara nyingi walikuwa wale wenye moyo na akili. Kama hospitali ya London yenye maji ya bomba, taa na mamia ya watumishi ilikuwa hivyo, tusistaajabu kuyaona hayo katika chumba kimoja cha zahanati. Twastaajabu zaidi kwa wale ambao baada ya miaka 20 bado humwambia mama "pole" na kuwa na maana yake.

Kwa hao tumeona mambo yafananayo. Wana mwenzao wa kusema naye. Aliyezalisha mtoto mfu usiku, asubuhi akipata mtu wa kumweleza jinsi ilivyokuwa, mtu asiyeanza kwa kuuliza kosa ni la nani, huweza kuingia tena chumba kile kile. Katika hospitali za misheni sala ya asubuhi hufanya sehemu ya kazi hiyo. Mahali pengine ni chai ya saa nne. Siku hizi ni simu, ambamo wauguzi wa zahanati za mbali huandikiana na kuulizana shauri. Kila tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, hukusanyika, huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao, na tusicheke jambo hilo, kwa maana kwa wengine ni siku moja ya mwaka ambayo husifiwa hadharani. Wana pia shamba dogo, migomba kadhaa na mibuni, na kikundi cha kuweka na kukopa, navyo humfanya mtu asitetemeke mshahara ukichelewa. Wapo wanaotafuta kituo katika chupa, nao ni wachache, na hatuna haja ya kukaa hapo. Na wapo wanaoomba uhamisho. Barua ya uhamisho nayo ni njia ya kustahimili, ila kijiji ndicho kinacholipa gharama yake, kwa kuwa aliyekwisha kujifunza maneno ya Kinyambo na kuzijua nyumba za watu ndiye anayeondoka.

Kuna jambo moja katika usimamizi ambalo hugeuza mambo upande huu au ule. Msimamizi kutoka wilayani aweza kuja kama mkaguzi, akafungua vitabu, akaandika makosa na kuondoka kabla vumbi la gari halijatua. Aweza pia kuja akavaa glavu, akakaa naye saa mbili, akamwonyesha, akarudi na kile alichoahidi. Gari ni lile lile na mafuta ni yale yale. Wauguzi hutofautisha wageni hawa wawili kabla hawajashuka.

Viongozi wa vijiji watatuuliza: sisi hatuajiri, hatulipi mishahara, hatuna Bohari, tufanye nini? Ni kweli, na hatutaki mtu awatwike yaliyo ya Serikali. Idadi ya watumishi, posho na dawa ni deni la Serikali. Lakini yako yaliyo ndani ya mkono wa kijiji. Kila zahanati ina kamati ya usimamizi, na wananchi wamo ndani yake. Fedha za kituo hupangwa mbele yake. Kamati ikikutana, isiulize tu makusanyo ni kiasi gani. Iulize mwuguzi alala wapi. Nyumba iliyo hatua 100 kutoka zahanati na yenye paa lisilovuja humpunguzia kazi kuliko hotuba, na asiye na nyumba karibu hutembea usiku kati ya migomba peke yake. Kijiji chaweza kuweka mlinzi, na mlinzi huyo ndiye atakayekwenda naye. Iulize maji yatoka wapi. Mabati ya zahanati yamo tayari, kilichobaki ni mfereji na tangi, ili mtu aliyesomea uuguzi asibebe ndoo. Iulize ni mama gani wa kijiji, mwenye siri na heshima, awezaye kuitwa kutafsiri badala ya mjukuu. Walimu wetu nao waweza kutoa saa moja kwa mwezi kumsaidia kuhesabu majumla ya taarifa, vitabu vyenye majina ya watu vikibaki mikononi mwake mwenyewe. Kujumlisha ni kazi yao, na hawatapungukiwa kitu.

Na juu ya safari ya usiku, kila nyumba yenye mjamzito na ijue namba 115, isiyotozwa fedha, ya mpango uitwao m-mama, ambao tangu mwaka 2022 ulianza kuenezwa mikoani. Mpango huo hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo huita dereva wa karibu aliyeandikishwa, naye hulipwa akiisha kumfikisha mama. Kabla ya hapo mwuguzi mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga simu kwa mwenye gari huyu na yule, huku mkono mmoja uko juu ya tumbo la mgonjwa.

Yule aliyetukanwa au kuombwa fedha kinyume cha haki asinyamaze kwa sababu ya haya tuliyoyaeleza. Apeleke neno lake kwanza kwa mkuu wa kituo na kamati, kisha kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Na kwa makosa ya kazi yenyewe liko Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo kwa sheria ya mwaka 2010 ndilo linaloandikisha wauguzi na kuwapa leseni, nalo laweza kuiondoa. Barua itaje siku, saa, na lililotendeka. Ikiwezekana itaje pia ni watumishi wangapi waliokuwa zamu siku ile.